Marlys Vandehey na Simu ya Jumatatu

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari, Bi Marlys Vandehey anastaafu baada ya kulitumikia gazeti letu la Kurieri ya Tamarack kwa miaka thelathini na minane. Aliajiriwa kupokea simu za matangazo madogo na tanzia. Anaondoka akiwa ndiye anayegombezwa kuliko mtu mwingine yeyote katika kaunti hii, na wala hana haki ya kulalamika, maana namba ya simu aliwapa watu yeye mwenyewe.

Kwa wale wachache watakaosoma kijarida hiki bila kumfahamu (sijui mmetokea wapi, lakini karibuni), Bi Marlys ndiye mwenye safu ya Ijumaa inayotabiri washindi wa mechi zote za wiki za ligi kuu ya futiboli, ile yetu ya kofia ngumu na kuangushana. Mji huu husoma safu hiyo jioni, baani, kwenye samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa, kwa sauti, na mdomo umejaa kabichi. Kuna watu wanaojua utabiri wa Marlys kabla hawajajua nani kafariki.

Hakuna aliyepanga awe mtabiri. Marehemu Elroy Hintz, mhariri wa michezo wa wakati ule, aliteleza kwenye barafu mbele ya ofisi akavunjika mguu, siku ya Alhamisi, na ukurasa ukabaki na tundu katikati. Wakubwa walisimama pale wanakuna vichwa. Marlys akapita na kahawa yake. "Kwani ugumu uko wapi?" akasema. "Kila mechi ina timu mbili tu." Akakaa, akajaza tundu kabla kahawa haijapoa. Elroy aliporudi na magongo yake alikuta barua za wasomaji: wengine wanamtukana Marlys, wengine wanauliza ataandika tena lini. Elroy hakuwa mjinga. Alimwachia kiti.

Basi, anatabiri vipi? Swali hilo limenisumbua tangu nilipopewa meza inayotazamana na yake, mimi Duane Lemke ninayeandika haya, miaka ishirini na miwili iliyopita. Nilidhani anasoma takwimu. Wapi! Takwimu alizigeuza kiwekeo cha kikombe. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alikuwa akiyapigia simu magazeti madogo ya huko kwenye miji yenye timu, na hakuulizia wachezaji hata siku moja. Aliulizia watu. "Mwenzangu, hapo kwenu wiki hii watu wanaringa au wanalalamika?" Kama Buffalo wanalalamika, anawapa Buffalo. Kama Dallas wanaringa, na Dallas huringa karibu kila wiki, Dallas wamekwisha.

Nilimuuliza mantiki yake ni ipi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Duane, mchezaji naye ananunua mkate dukani, si ndiyo? Ukimwambia wiki nzima kwamba ameshashinda, ataamini. Ukimtukana wiki nzima, Jumapili atakimbia."

Najua mnataka kujua kama njia hiyo inafanya kazi. Inafanya, nusu. Kusema haki, zaidi kidogo ya nusu. Msimu mmoja Bwana Kostka wa idara ya matangazo alimleta mbwa wake, Pretzel, ashindane naye. Mbwa aliwekewa bakuli mbili zenye majina ya timu, anachagua kwa pua. Pretzel alimaliza msimu akiwa mbele yake kwa mechi tatu. Marlys alinuna wiki nzima, halafu akamnunulia mbwa soseji ndefu kama mkono na kumwandikia pongezi ukurasa wa mbele wa michezo. Mpaka leo anasisitiza kwamba Kostka alikuwa akipaka siagi kwenye bakuli moja.

Na kuna ile wiki aliyopatia mechi zote, bila kukosa hata moja. Jamani, kweli ilitokea! Ila wiki hiyo ilianguka theluji ya kufunika magari, gazeti likachapwa na malori hayakutoka, nakala zote zikalala bohari. Mashahidi wake ni mimi na fundi wa mitambo, naye fundi alihamia Arizona. Ukitaja mbele yake neno theluji tu, atakusimulia mkasa huo mzima. Jiandaeni leo usiku kwenye sherehe ya kumuaga.

Lakini kitu hasa kilichomfanya Marlys awe Marlys ni ile simu ya Jumatatu. Katika msimu wake wa kwanza wasomaji walikuwa wakisumbua ofisi nzima kwa malalamiko, basi akaandika chini ya safu: aliyeumizwa na utabiri wangu apige namba hii Jumatatu asubuhi, nitakuwa mezani. Alikuwepo Jumatatu hiyo, na kila Jumatatu ya kila msimu tangu hapo. Watu walipiga wakiwa wamefura. Yeye aliwaacha wabwate, kisha akawauliza habari za goti, au mkwe, au ng'ombe. Mimi nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtu aliyepoteza mke mwezi uliopita anapiga simu kulalamikia mechi ya Kansas City. Nikakaa pale miaka ishirini na miwili, nikaacha kujiuliza.

Sikio la kushoto la Marlys limechoka, kwa hiyo simu yake huwekwa sauti ya mwisho, na mezani kwetu hakuna siri. Ndivyo nilivyomfahamu Bwana Olson wa kijiji cha Pine Hollow.

Bwana Olson alianza kupiga msimu wa kumi na moja ukihesabu kurudi nyuma, mwezi Septemba, na hakukosa Jumatatu. Alikuwa mkali kuliko wote.

"We bibi, hivi mechi unaziangalia, au unazilalia?"

"Habari za asubuhi, Bwana Olson. Wiki hii umeumia wapi?"

"Umewapa Minnesota! Minnesota! Mtu mwenye akili zake timamu!"

"Walikuwa wanalalamika."

"Watu wa Minnesota huzaliwa wanalalamika!"

"Basi na wewe utakuwa umezaliwa huko."

Nilicheka mpaka nikamwaga supu. Wakaendelea hivyo, anapiga, anajibu, na mimi naona Marlys amenyooka kitini kama msichana. Halafu, mara hasira ikiisha, Bwana Olson alikuwa akiuliza kitu cha ajabu. "Na hilo paa lako, theluji umeiondoa?" Marlys alimwambia jirani atakuja. "Usipande mwenyewe," alisema yule mzee. "Nasema tu. Watu wanaanguka."

Hapo ndipo nilipowashwa. Mtu wa Pine Hollow anajuaje paa la mtu wa mjini? Mimi nikishawashwa situlii, mke wangu anajua. Nilipotumwa Pine Hollow kuripoti mashindano ya uvuvi wa kwenye barafu, nilipita kwenye baa yao, ile moja waliyonayo, nikaulizia Bwana Olson mpenda futiboli. Mwenye baa akanitazama juu na chini. "Olson tuliye naye ni mmoja tu," akasema, "ni daktari wa mifugo, ni mwanamke, na futiboli anaichukia." Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Baridi hiyohiyo mashine yangu ya kuondolea theluji iligoma. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja nje ya mji, kwenye barabara ya kaunti. Fundi alikuwa amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza kwamba mashine iliunguruma kidogo ikazima.

"Mafuta uliweka?" miguu ikauliza.

"Ya injini? Sikuangalia."

"Hukuangalia! Mtu mwenye akili zake timamu!"

Bwana Olson! Ilikuwa ni yeye, sauti ileile, dharau ileile. Nikainua macho kwenye kibao kilichotundikwa ukutani: Norbert Vandehey, Matengenezo ya Mashine Ndogo. Mzee akatoka chini ya trekta anafuta mikono, akaiona nembo ya Kurieri kwenye koti langu, uso ukajifunga.

"Wewe ni ndugu yake Marlys?" nikamuuliza.

"Nilikuwa," akasema, akaichukua mashine yangu.

Asubuhi yake nilifika kazini nikiwa nimevimba kwa habari. Nikamwambia Marlys kwamba nimemwona Bwana Olson uso kwa uso, na kwamba si Olson. Alikuwa akiandika tanzia ya mtu. Hakuinua hata kichwa.

"Duane, unadhani mimi sijui sauti ya mdogo wangu? Nimembeba mgongoni huyo."

"Sasa mbona humwambii kwamba unajua?"

"Nikimwambia atakata simu," akasema, "na hatapiga tena."

Chanzo cha ugomvi wao wazee wa ofisi hii wanakijua, lakini vijana hawakijui, na Marlys amenipa ruhusa ya kukieleza kwa sharti moja: nisimfanye Norbert aonekane mwema kuliko yeye. Nitajitahidi.

Marlys hakuolewa, alibaki katika nyumba ya mama yao. Kila Jumapili ya msimu, tangu utotoni, Norbert alikuwa akija pale wanatazama mechi pamoja, kwenye kochi la mama, hata baada ya mama kufariki. Mwaka wa ugomvi huo Green Bay, timu yetu, walikuwa wamebakiza mechi moja tu kufika fainali kuu, na mechi yenyewe ni nyumbani. Mji ulipagawa. Mwokaji alikwishaoka keki zenye maandishi ya ubingwa. Padri alikwishatangaza kwamba misa ya jioni ya siku ya fainali itasogezwa. Norbert alikuwa amepaka gari lake rangi za timu, kijani na dhahabu, kazi ya wiki nzima, na alikuwa akilizungusha barabarani kama bwana harusi.

Alhamisi, Marlys alipiga simu zake za kawaida kwa mechi nyingine. Kwa mechi yetu hakuhitaji simu. Alitazama dirishani tu. "Tunaringa," akasema kwa huzuni kabisa, nilikuwepo. Akawapa wageni.

Kwetu huku mtu anaweza kubadili dini na akasamehewa. Kuwapa wageni mechi kama ile, kwa maandishi, ni jambo lingine. Ijumaa jioni Norbert alikuwa baa kwenye samaki, meza imejaa marafiki, na mmoja wao akafungua gazeti kusoma kwa sauti kama kawaida. Alipofika kwenye mechi yetu akanyamaza. Halafu wote wakamgeukia Norbert. "Ni dada yako huyu, au kuna Marlys mwingine?" Mzee aliacha samaki mezani. Kwa mtu wa hapa, hilo ni jambo zito.

Hata hivyo Jumapili alikwenda. Alikaa upande wake wa kochi. Timu yetu ikaongoza karibu mchezo wote, kisha dakika za mwisho ikapoteza. Norbert akasimama, akachukua koti. "Umeturoga, Marlys," akasema. "Na hukuniambia hata mimi." Akatoka, na kwenye nyumba ile hakukanyaga tena.

Mji ulimsamehe Marlys kabla ya Kwaresima. Watu wana mambo mengine ya kufanya, na zile keki ziliuzwa nusu bei zikaliwa zote. Norbert hakusamehe. Dada mtu alimpigia simu mara tatu, akakata mara tatu. "Kuwapa wageni si kosa," Marlys aliniambia, "ningewapa tena kesho. Kosa ni kwamba Alhamisi ile simu ilikuwa mkononi mwangu, nikawapigia watu wa nchi nzima nisiowajua sura, na yeye sikumpigia. Nilimwacha asikie mbele ya watu." Huyo ni Marlys, ambaye mbwa alimshinda kwa mechi tatu na bado anabisha. Sijamsikia akikubali kosa jingine lolote.

Septemba iliyofuata, Jumatatu ya kwanza, simu ikalia, na sauti ikajitambulisha kuwa ni Bwana Olson wa Pine Hollow.

Wenzangu, nyinyi mliokuwa mkiuliza kwa nini Marlys aliahirisha kustaafu mara mbili, na keki ya kwanza ikabidi tuile bila sababu, sasa mmejua. Tulisema anapenda kazi. Wengine walisema anaogopa kuzeeka. Kumbe simu ile ilikuwa uzi pekee uliobaki kati yake na mtu wake wa damu, na uzi wenyewe ulikuwa mali ya ofisi. Mwaka huu magoti yalikataa ngazi zetu, na daktari akakataa pamoja nayo. Uongozi ukaamua kwamba utabiri utatoka kwenye kompyuta, na namba ya Jumatatu itafungwa. Alipoambiwa kuhusu kompyuta alicheka. Alipoambiwa kuhusu namba, alikwenda chooni akakaa muda mrefu.

Aliandika katika safu yake ya mwisho kwamba Jumatatu inayofuata ndiyo ya kumalizia. Jamani, watu walipiga! Simu haikupumzika. Wengine hawakumgombeza kabisa, walilia tu. Mwenye duka la jibini aliimba. Kila simu ilipolia Marlys aliinyakua haraka, na kila aliposikia ni nani, mabega yalishuka kidogo, kisha akaongea na mtu huyo kwa upole wake wote. Ilipokaribia saa sita mchana Bwana Olson alikuwa hajapiga. Fundi wa simu alikwishafika na sanduku lake, amesimama mlangoni.

Ikalia.

"Umepata ngapi wiki hii?" Hakuna salamu, hakuna jina.

"Tisa. Katika kumi na sita."

"Aibu."

"Aibu kweli."

"Umewapa Chicago."

"Walikuwa wanalalamika sana, Bwana Olson."

Mimi nilikuwa nikijifanya nachapa, na sikuwa nachapa chochote.

"Gazeti linasema namba hii inafungwa," akasema.

"Inafungwa leo."

"Sasa mtu akitaka kukugombeza Jumatatu ijayo, anapiga wapi?"

Marlys alivua miwani. Kwenye simu hiyo nimemsikia akipokea tanzia za watoto, na sauti yake haikutetemeka. Sasa ilitetemeka.

"Nyumbani kwa mama," akasema. "Namba ni ileile."

Tulisikia karakana upande wa pili, chuma kikigonga chuma mahali fulani, na mzee anavuta pumzi.

"Naijua, dada," akasema.

Miaka kumi na moja hakuwa amelitamka neno hilo. Marlys alifunika mdomo kwa mkono, kisha akaufunua haraka kwa sababu alikuwa na jambo la kusema. "Nilipaswa kukupigia Alhamisi ile, Norbert."

"Ulipaswa."

"Usikate."

"Sikati."

Fundi wa simu akasogea akaanza kufungua sanduku. Nilimshika bega nikamtoa nje, nikampa kahawa, na ilipokwisha nikampa nyingine. Hakuuliza. Kwao, mji wa Eau Claire, nadhani wana ndugu pia.

Jumapili iliyofuata nilipita mtaa wa Marlys kwa gari. Njia yangu haipiti huko, na nilipita mara mbili. Nje ya nyumba limeegeshwa gari la kijani na dhahabu, rangi imebanduka nusu. Timu yetu haikuwa ikicheza. Ni mechi ya watu wa mbali kabisa, wala haituhusu. Dirishani niliwaona wote wawili wamesimama, mikono juu, wanafokeana kwa nguvu zao zote, na nikajikuta nalia peke yangu kwenye usukani kama mjinga.

Bi Marlys, asante kwa Ijumaa ulizotufurahisha na zile ulizotuudhi. Asante kwa niaba ya kila aliyepiga simu kukutukana akajikuta ameuliziwa habari za mama yake. Viti vya leo usiku vimepangwa, cha Norbert ni cha pembeni yako, na samaki wake amelipiwa. Tunawatakia afya njema na maisha marefu, nyote wawili, na mkikosana tena, mkosane mkiwa mmekaa kochi moja.